Pumu, Steroidi na Hofu Yetu



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya pumu. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali ambaye pumu ilimshika tangu akilala katika mabweni haya, na habari za dawa zake nimelazimika kuzisoma. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: je, steroidi zikitumiwa miaka mingi haziharibu vinasaba vya mgonjwa, yaani DNA?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Katika pumu njia za hewa huvimba, na uvimbe huo huzalisha kemikali kali zinazoweza kuijeruhi DNA. Seli inao mafundi wake wa kukarabati majeraha hayo. Lindahl, Modrich na Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kueleza kazi ya mafundi hao. Steroidi nayo huingia ndani ya seli, ikawasha amri fulani za DNA na kuzima nyingine, ili uvimbe upungue. Maandishi yenyewe haiyafuti.

Madhara yapo, ila yako kwingine. Kortisoni ilipoanza kutibu baridi yabisi huko Marekani mwaka 1948, ilishangiliwa sana. Madhara yalionekana baadaye. Vidonge vikimezwa muda mrefu, mifupa hudhoofika, sukari na presha hupanda, na mtoto wa jicho huweza kuota. Tezi zilizo juu ya figo nazo hulala. Anayeviacha ghafla aweza kuzirai, hata kufa.

Dawa ya kuvuta, iliyoanza kutumika mwaka 1972, hufika mapafuni moja kwa moja kwa kipimo kidogo mno, hivyo madhara yake ni machache zaidi. Mgonjwa asukutue tu baada ya kuivuta. Ile ya kopo la buluu hufungua kifua, lakini uvimbe hauondoi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa hiyo peke yake.

Ndugu zangu, tusinunue vidonge hivi dukani bila cheti cha daktari, wala tusiikimbie dawa ya kuvuta kwa sababu ya uvumi. Na kwa shule yetu nina ombi moja: mwanafunzi mwenye pumu aachiwe dawa yake mfukoni, isifungiwe kabatini. Pumu ya usiku haingojei mwenye funguo.