Alikwenda Kariakoo

Katika hotuba yangu ya leo nataka kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuwa jemadari wala jumbe, wala hakuacha nyumba ya mawe. Alikuwa mkulima wa Ukambani, baba yake bibi yangu. Nimemtafuta miaka mingi, na huenda ninyi nanyi mnaye mtu kama huyo katika ukoo wenu.

Nilipokuwa mtoto, kila nilipomwuliza bibi baba yake alifia wapi, alinijibu neno moja: "Alikwenda Kariakoo." Mimi nilidhani alikwenda sokoni akapotea, nikastaajabu mtu mzima kupotea sokoni. Baadaye nilifahamu kwamba neno hilo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi kilichoundwa mwaka 1914, vita vilipoanza baina ya Waingereza na Wadachi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kwa kikosi hicho. Basi bibi alikwisha kunipa ufunguo, ila sikuujua mlango wake.

Wapagazi walitakiwa kwa sababu barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe. Chakula na risasi vilipita juu ya vichwa vya watu, mzigo wa ratili 50 au zaidi. Mshahara wa wengi ulikuwa rupia 5 kwa mwezi. Wapo waliokwenda kwa hiari, walakini tangu mwaka 1915 sheria iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 walikusanywa wengi kupita wakati wowote.

Mzee mmoja wa kijijini kwetu alinipa habari aliyoipata kwa baba yake, ambaye alikwenda pamoja na babu huyo akarudi. Alisema walipanda gari la moshi hata Mombasa, wakatiwa katika meli Kilindini, wakashushwa Kilwa. Maneno hayo ni machache, lakini yana uzito. Waingereza waliitwaa Kilwa mwezi wa Septemba 1916. Basi hakushushwa huko kabla ya hapo. Naye bibi aliambiwa na mama yake kwamba alikuwa ameachishwa ziwa siku baba yake alipoondoka. Nikiyaunganisha hayo mawili, naona yamkini alichukuliwa katika mwaka ule wa 1917.

Mwaka huo mvua zilikuwa kubwa mno, na bonde la Rufiji likafurika. Wapagazi walilala katika maji, wakala unga wa mahindi usiopikwa vema. Waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na homa, kuhara damu na ugonjwa wa mapafu. Wapagazi waliofanya kazi upande wa Waingereza walipita milioni moja, na waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000.

Nilikwenda kutafuta jina lake katika karatasi za zamani. Kila mpagazi alipewa nambari katika kipande cha madini, akakivaa shingoni. Lakini jina liliandikwa na karani ambaye aghalabu hakuijua lugha ya mwenye jina. Nikaona majina matatu yanayofanana na lake, na hata moja siwezi kuapa kuwa ndilo. Huyu aliyebeba mizigo ya jeshi zima hakuachiwa hata herufi zake.

Wala shauri hili si la jina tu. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mama yake bibi alingoja mume, kisha akangoja rupia zake. Akafa hakupata mume wala rupia.

Mjini Nairobi iko sanamu ya shaba, na mmoja wa watu wake ni mpagazi. Lakini hapana majina. Mwaka 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Basi wasikilizaji wangu, anayemtafuta mpagazi asianze na karatasi, aanze na wazee. Aulize: alipanda gari la moshi au alikwenda kwa miguu? Alitaja bandari gani? Ni mtoto gani alikuwa mgongoni siku ile? Jibu dogo likiwekwa karibu na tarehe ya vita huweza kusema mengi. Kaburi la babu huyo sikuliona. Lakini mwaka jana mjukuu wangu alizaliwa, tukampa jina lake, na safari hii limeandikwa sawasawa. Mwulizeni mzee wenu usiku huu. Kesho huenda asiwepo wa kuulizwa.