Bibi Aliyemjibu Askofu

Jioni hii nitawapeni habari za Juana Inés de la Cruz, mtawa wa mji wa Meksiko, zamani nchi ile ilipotawaliwa na Wahispania. Alitunga mashairi na michezo mingi, lakini leo nitashika waraka wake mmoja tu.

Mwaka 1690 Askofu wa Puebla alipiga chapa maneno ya Juana aliyoyaandika kuyapinga mahubiri ya padre mashuhuri, Antonio Vieira. Akamsifu, kisha akatia na barua ya kumwonya apunguze elimu ya dunia. Wala hakuandika jina lake, bali alijiita Filotea, kana kwamba naye ni mtawa wa kike. Juana akajibu tarehe 1 Machi, 1691, kwa adabu nyingi, kama bibi amwandikiavyo bibi mwenziwe. Lakini ndani ya adabu ile mlikuwa na makali.

Alisema hamu ya kujua alipewa na Mungu, naye hakuweza kuizima. Alipokuwa hajatimiza miaka mitatu alimfuata dada yake kwa mwalimu, akajifunza kusoma. Aliacha kula jibini, maana alisikia kwamba hupumbaza akili. Akamwomba mama yake amvike nguo za kiume, apate kwenda chuo kikuu, kwani wanawake hawakupokewa, mama akakataa. Alipojifunza Kilatini alikata nywele zake, akajiwekea sharti: zikiota naye hajajua alilokusudia, atazikata tena. Aliona si haki kichwa kitupu kipambwe.

Siku moja mkuu wa watawa alimkataza kusoma. Akatii kwa muda wa miezi mitatu hivi, asiguse kitabu. Lakini macho yake nani angeyafunga? Aliwaona wasichana wakicheza pia, akaagiza unga unyunyizwe chini, aone inachora mstari gani. Jikoni aliangalia yai: katika mafuta ya moto hushikamana, katika maji ya sukari hutengana. Akasema kwa mzaha kwamba Aristotle, yule mwenye hekima wa Wayunani, kama angalipika chakula, angaliandika mengi zaidi. Nami naona mzaha ule ni hoja kubwa, maana kazi ile ile iliyodhaniwa kuwa mpaka wa mwanamke, yeye aliifanya mlango wa elimu.

Je, Mtume Paulo hakuamuru wanawake wanyamaze kanisani? Juana alijibu kwamba amri ile yahusu kuhubiri mbele ya watu, si kusoma na kuandika faraghani; na kama ni kunyamaza, basi na wanaume wajinga wanyamaze pia. Tena akaeleza hasara iliyokuwako: baba wengi waliogopa kuwaleta walimu wanaume nyumbani, kwa hiyo binti zao walibaki bila elimu. Wangalikuwako wanawake wazee wenye elimu, wangaliwafundisha wasichana bila hofu.

Miaka michache baadaye aliacha kuandika, na vitabu vyake vingi vikauzwa ili maskini wasaidiwe. Kama alitaka mwenyewe au alishurutishwa, wataalamu wabishana hata leo. Tauni ilipoingia katika nyumba yao aliwauguza wenziwe, akashikwa nayo, akafa tarehe 17 Aprili, 1695. Waraka wake ulipigwa chapa Madrid mwaka 1700.