Mtafiti Mwanamke na Mapatano ya Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Mji wa Kale, Mombasa)



Kamati imetutaka tuseme juu ya warsha za kuwaendeleza kazini wanawake wanaofanya utafiti wa sayansi. Twajua kwamba baadhi yenu mlipoliona tangazo mlicheka, na wengine mkauliza: hao madakta na maprofesa wana shida gani hata watafute chama cha wafanya kazi? Swali hilo si baya, na yafaa lijibiwe kwanza.

Ukisimama bandari ya zamani, hapo chini, ukatazama ng'ambo ya maji, waiona Mkomani, ziliko nyumba za KMFRI, shirika la serikali la utafiti wa bahari na uvuvi, lililoundwa mwaka 1979. Ukipanda Tudor wakikuta Chuo Kikuu cha Ufundi, ambacho wazee bado hukiita MIOME, kilichofunguliwa mwaka 1951 kwa vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mji wetu basi ni mji wa utafiti, kama ulivyo mji wa meli na makontena. Na kazi ya utafiti, hapa na kwingineko, haifanywi na maprofesa peke yao. Yuko anayeteka maji kwenye chupa, yuko anayehesabu samaki sokoni alfajiri, yuko anayekaa na darubini mpaka macho yanamwuma. Wengi wa hao wameandikwa kwa miezi sita au mwaka mmoja, kwa fedha za mradi. Mradi ukiisha, na yeye amekwisha. Wazee wa bandari wanalijua jina la mtu wa namna hiyo. Ni kibarua. Kuwa na shahada mbili hakumtoi katika ukibarua.

Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanya kazi wa Mombasa waliacha kazi kwa ajili ya mishahara na nyumba. Hakuna aliyeuliza siku ile kama mbeba magunia na karani ni watu wa chama kimoja. Basi na sisi tusiulize leo.

Tuje kwa wanawake. Mwaka 2008 ulifanyika uchunguzi katika taasisi za utafiti wa kilimo za Afrika, ikaonekana kwamba katika watafiti wanne mmoja tu ni mwanamke, na katika wakubwa saba wa kazi hiyo mmoja tu ni mwanamke. Litazameni jambo hili vizuri. Wanawake hawakupungua mlangoni tu. Walipungua tena ngazini. Kwa hiyo kusema kwamba dawa ni kuwasomesha wasichana, na basi, ni kusema nusu ya neno. Waliokwisha soma wamekwenda wapi?

Ndipo zikaja warsha. Iliyo mashuhuri katika nchi yetu ni ya mpango uitwao AWARD, wenye makao Nairobi, ulioanza mwaka 2008 baada ya kujaribiwa kwanza Kenya, Uganda na Tanzania. Mtafiti mwanamke wa kilimo akichaguliwa hufuatwa kwa muda wa miaka miwili. Hupewa mlezi wa kazi, mtu aliyemtangulia katika elimu ile ile, mwanamume au mwanamke, wakutane kila mwezi. Hufundishwa kuandika makala za sayansi, kuandika maombi ya fedha, kuongoza watu, na kupatana na mkubwa wake bila ya kugombana na bila ya kunyenyekea kupita kiasi. Na yeye naye humchukua msichana aliye chini yake akamlea. Kwa upande wa bahari, chama cha wanasayansi wa Bahari ya Hindi ya Magharibi, WIOMSA, chenye ofisi Unguja, kilipata mtandao wa wanawake wake mwaka 2017, huko Dar es Salaam. Dakta Jacqueline Uku wa KMFRI, mtaalamu wa nyasi za baharini, amepata kuwa rais wa WIOMSA, basi mwanamke wa Mombasa akitaka kumwona aliyefika, hana haja ya kwenda Ulaya.

Hatutaki kuzidharau warsha hizi. Kuna watu wasemao kwamba ni chai, mifuko na picha. Zipo za namna hiyo, nasi tumezihudhuria, tukafundishwa namna ya kukaa kitini mbele ya mgeni. Lakini warsha iliyo nzuri hufanya jambo moja ambalo mji huu unalielewa kuliko miji mingi. Kijana akitaka kuwa mchonga milango au mfua fedha katika mitaa hii, hujifunza kwa kuwa mwanagenzi. Hukaa na fundi, akaona mkono wake, akasikia anavyokubaliana bei, akajua mbao njema yatoka wapi. Nusu ya ufundi haiandikwi mahali popote. Sayansi ni hivyo hivyo. Nani anatoa fedha mwaka huu, mzee gani aandikiwe barua, jina la nani litangulie juu ya makala: mambo haya husemwa barazani, penye kahawa, baada ya isha, na mwanamke hayupo barazani. Afisini pia kuna baraza yake, hata kama haina mkeka. Warsha humpa mwanamke fundi wa kukaa naye na saa ya kukaa.

Jambo la majina juu ya makala twaomba mlishike, kwa kuwa wengi mnaona ni mambo ya fahari. Si fahari, ni mshahara. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala zake, na anayetajwa mwanzo ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye kazi. Mwenzetu mmoja, katika kituo ambacho hatutakitaja kwa kuwa shauri lake lingali mezani, alikusanya hesabu za mikoko muda wa miezi kumi na minne. Akaenda likizo ya uzazi. Aliporudi alikuta makala imekwisha pelekwa, jina lake ni la nne, na mkataba wake una wiki tano tu. Dada huyu alikuwa amehudhuria warsha mbili. Alijua kabisa la kusema, na alilisema kwa adabu na kwa ufasaha, akajibiwa kwamba mradi umekwisha.

Hapo ndipo twapenda mfikiri pamoja nasi. Warsha humfundisha mtu mmoja kusema vizuri, lakini haibadili karatasi aliyotia sahihi. Ile karatasi ni kazi ya chama.

Chukueni mfano wa bamvua. Anayepima nyasi za baharini au mikoko hana hiari ya saa. Maji hupwa sana wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapa Mombasa bahari huwa chini kabisa kiasi cha saa nne au saa tano, mchana na usiku. Ukikosa siku hizo chache yakaja maji mafu, umekosa nusu ya mwezi. Sasa mama mwenye mtoto wa miezi minne, likizo yake imekwisha, afanye nini? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, na mama apewe muda wa kunyonyesha katika saa za kazi. Ni sheria njema, lakini mikokoni hakuna chumba. Mama huyo huacha safari, mwingine huenda badala yake, na hesabu huwa za aliyekwenda. Hakuna mtu aliyemdhulumu kwa kusudi. Amedhulumiwa na bajeti, ambayo ilikumbuka petroli, mashine ya mashua na chakula cha nahodha, isikumbuke nauli ya mtu wa kumshika mtoto ufukweni.

Au chukueni formalini, ambayo huhifadhi samaki na mizoga katika chupa, nayo imethibitishwa kuleta saratani. Mwanamke mwenye mimba akiomba ahamishwe kazi ya chupa hizo, asikatwe posho kwa sababu hiyo. Hili haliwezi kungoja mpaka apate ujasiri wa kuomba.

Wako watakaosema kwamba madai ya namna hii ni mapya, yameletwa na wafadhili. Si kweli. Wangari Maathai alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kuufikia. Dunia yamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Sisi wa vyama yafaa tumjue kwa jambo jingine. Alifundisha anatomia ya wanyama, na siku zile mwalimu mwanamke aliyeolewa hakupewa haki za nyumba na matibabu kama mwenzake mwanamume, ati kwa kuwa ana mume wa kumtunza. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, wa biokemia, walidai usawa, na wakajaribu pamoja na wenzao kukigeuza chama cha walimu wa chuo kiwe chama cha wafanya kazi chenye haki ya kupatana na mwajiri. Mahakamani walishindwa. Lakini madai yao mengi yalikubaliwa baadaye, na wahadhiri wa vyuo vikuu wakaandikishiwa chama chao, UASU, mwaka 2003. Wakati ule hapakuwa na warsha ya kumfundisha kujiamini. Alitafuta wenzake.

Na likizo ya uzazi nayo haikushuka kutoka mbinguni. Kabla ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 mama alipewa miezi miwili, naye akapoteza likizo yake ya mwaka. Sasa ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi. Lakini sheria haikusema kwamba mkataba wa miaka miwili uongezwe miezi mitatu ile. Basi mwenye mkataba wa kudumu hupata likizo, na mwenye mkataba wa mradi hupata likizo huku saa ya mradi inakwenda. Huko Ulaya, baraza lao la utafiti, wakipima mama mtafiti ana miaka mingapi tangu apate udaktari, humwongezea miezi 18 kwa kila mtoto. Hawakufilisika.

Kwa hiyo kamati yaleta mbele yenu maneno ya kuingizwa katika mapatano tutakayojadili na waajiri. Mkataba wa mradi uongezwe siku zile zile ambazo mama alikuwa likizoni, na kila ombi jipya la fedha liandikwe kwa hesabu hiyo tangu mwanzo. Tutaambiwa kwamba fedha ni za mfadhili. Vema, lakini mwajiri ndiye anayeliandika ombi na ndiye anayelitia sahihi, aandike. Safari ya kazi ya mama anyonyeshaye iwe na nauli na posho ya mlezi wa mtoto. Aliyekusanya hesabu ajulishwe kwa maandishi, kabla kazi haijaanza, jina lake litakaa wapi.

Na juu ya warsha zenyewe: siku ya warsha ihesabiwe siku ya kazi, isitolewe katika likizo ya mtu, wala isiwekwe Jumamosi jioni wakati mama ana nyumba ya kutazama. Tangazo libandikwe ubaoni, kila mtu alisome. Mpaka sasa mahali pengi habari za warsha huja kwa barua ya mkubwa mmoja, naye humpa amtakaye. Na watu wa maabara wasiachwe nje. Yule anayeosha chupa na kutengeneza dawa za kupimia amekaa karibu na sayansi miaka ishirini. Tumewaona wasichana wa kazi hiyo wakijifunza wenyewe mpaka wakashika mashine ambazo wenye shahada wanaziogopa. Hakuna aliyewaita kwenye warsha hata siku moja.

Kuna ndugu wanaume walionong'ona hapo nyuma kwamba nafasi zao zitachukuliwa. Ndugu zetu, someni tena maneno yale. Mkataba unaoandikwa majina mapema utamlinda na kijana mwanamume ambaye jina lake humezwa na mkubwa wake, nao ni wengi. Tangazo la ubaoni litasomwa na ninyi pia. Na kama kazi ya mtu yasimama tu kwa kuwa mwenzake hakuweza kupanda mashua siku ya bamvua, basi heri tuijue leo.

Mkutano wa kupiga kura juu ya maneno haya utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri, hapa hapa. Kila mwenye mkataba wa mradi, mwanamke au mwanamume, alete nakala yake kwa katibu kabla ya siku hiyo. Jina litafichwa, twataka tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na kifungu cha likizo kama kimo. Mpaka jana katibu amepokea nakala tisa. Katika hizo tisa, saba hazina neno lo lote juu ya uzazi.