Swichi Iliyo Mlangoni

Somo letu ni Injili ya Mathayo, mlango wa 5, aya ya 14 hadi ya 16. Walio na Biblia wafungue. Walio jikoni wasiache chungu kiungue, wasikilize tu. Hapo Bwana anawaambia wanafunzi wake kwamba mtu akiwasha taa haifuniki, bali huiweka mahali pa juu ili iwafae wote waliomo nyumbani. Wote, wala si yule aliyeiwasha peke yake.

Ndia Kuu, yaani Njia Kuu kwa wasiokijua Kimvita, huanzia karibu na Ngome ya Yesu ikaingia Mji wa Kale. Jina lake ni kubwa kuliko upana wake. Nyumba zimesogeleana, roshani za mbao zimeinamia njia, na watu huketi barazani wakipokea upepo. Ukitaka kutundika taa hapo ng'ambo hadi ng'ambo, ncha moja ya waya itafungwa kwako, na ncha ya pili haina budi kufungwa kwa jirani.

Majilio ya mwaka jana vijana wa ushirika wetu walitaka kufanya hivyo, kwa kuwa mmoja wao amepanga ghorofani katika njia hiyo. Tena hawakutaka taa za kuwaka tu. Walitaka taa zinazofuata wimbo: ngoma ikilia, nyekundu ziwake, sauti ikipanda, nyeupe zipande nayo. Jambo hili lina historia. Mwaka 1882 huko New York, Edward Johnson, mwenzake Edison, alipamba mti wa Krismasi kwa taa 80 za umeme, na mti ule ulikuwa ukizunguka huku taa zikiwaka na kuzimika. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Wimbo hukatwa vipande vidogo kuliko sekunde, na kila kamba ya taa hupewa saa yake ya kuwaka na saa yake ya kukaa gizani. Dakika moja ya wimbo huweza kumla mtu usiku mzima. Ndiyo maana watu wanaopenda kazi hiyo husaidiana. Aliyekwisha kujua humwonyesha anayeanza, bila kudai malipo.

Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa nini fedha hizo zisinunue unga. Aliuliza vema, na vijana waliona haya kununua. Wakaenda kuazima. Walimwendea fundi mmoja wa Ndia Kuu, Mwislamu, ambaye kwa miaka mingi amefunga taa za harusi katika mitaa hiyo. Walimwamkia shikamoo, wakamweleza haja yao. Walitazamia aulize wana taa ngapi. Yeye aliuliza, "Wanangu, mgonjwa akitolewa usiku, mutampitisha wapi?"

Swali hilo si dogo. Mwaka 2004 huko Mason, jimbo la Ohio, Marekani, mhandisi wa umeme Carson Williams alipamba nyumba yake kwa taa 16,000 zilizofuata muziki. Alikuwa mtu wa kuwafikiria jirani: muziki aliurusha kwa redio ndogo, hata aliyetaka kuusikia aliufungulia ndani ya gari lake, na asiyetaka alilala. Lakini mwaka 2005 magari ya watazamaji yalijaa, ikatokea ajali, na polisi wakapata taabu kufika. Williams akazima taa zake. Sisi twamheshimu kwa taa zile, na kwa kuzizima twamheshimu zaidi.

Basi fundi wetu aliwaazima kamba za harusi, akawatafutia rafiki zake wawili wanaotengeneza redio, nao wakafanya kazi pamoja hata usiku wa manane. Alitoa masharti mawili. Taa zisianze kabla watu hawajatoka msikitini kwa swala ya Isha. Tena iwekwe swichi moja ya kukata umeme wa taa zote, mlangoni, upande wa njia, ambapo jirani yeyote aweza kuifikia bila kubisha hodi.

Sharti la pili liliwatia vijana mashaka. Je, mtu akizima kwa ubaya? Nasi twakiri kwamba wazo hilo halikuwa la vijana peke yao. Tunaishi mlango kwa mlango na jirani wa dini nyingine, twala biriani zao za Idi nao wala pilau zetu za Krismasi, lakini ndani ya moyo hukaa neno dogo la kumdhania mtu. Twasahau kwamba hata umeme wa kisiwa hiki una asili yake: mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua mtambo uliokuwa wa Sultani wa Unguja, ndipo ikaundwa kampuni ya kuleta umeme kisiwani. Taa yetu yatoka mbali, na imepita mikononi mwa wengi.

Usiku wa tatu, katikati ya wimbo, taa zote zilizimika. Njia ikawa nyeusi, kipaza sauti dirishani kikaendelea kuimba peke yake. Kijana mmoja alisema kwa sauti, "Si tulijua!" Akateremka kwa hasira. Akamkuta jirani wa pili, mkono ungali kwenye swichi, akiwahimiza watazamaji wasogee ukutani. Wanaume wanne walikuwa wakimteremsha mama mgonjwa juu ya kiti, ngazi kwa ngazi, na watu waliokuwa wakitazama juu hawakuwaona mpaka taa zilipozimika. Yule kijana hakusema neno. Alishika mguu mmoja wa kiti, wakaenda naye hadi palipokuwa na gari, karibu na Ngome.

Alipokwisha kupita, jirani aliwasha mwenyewe. Kwa kuwa swichi ilikata taa tu, kompyuta ilikuwa ikiendelea kuhesabu gizani. Taa zikaingia katika wimbo mahali pake hasa, pasipo kuchelewa hata kidogo. Watoto wakapiga makofi.

Mama yule alirudi nyumbani baada ya siku sita. Vijana walipokwenda kumtazama aliwauliza ule wimbo ulikuwa upi, kwa sababu hakuusikia mwisho wake.

Tuombe. Ee Baba, tunawaombea mafundi walio juu ya ngazi usiku huu, na wauguzi wa zamu, na wagonjwa wanaoteremshwa katika nyumba zenye ngazi nyembamba. Uwape njia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.