Usimzuie Mgonjwa: Neno Kuhusu Matibabu ya Umeme

Nawasalimu ninyi wa Iyolwa, Tororo, Malaba na Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Dada mmoja wetu, baada ya kujifungua, alinyamaza. Hasemi, hali, mtoto hamshiki. Nikasema ni pepo. Tukatangaza mfungo, na yeye tukamfungisha. Ebu fikiria: mtu chakula kimemshinda, mimi nikamnyima hata uji! Daktari aliposhauri atibiwe kwa umeme, nikawaambia familia, "Mkikubali, watamchoma ubongo." Mama mkwe wake akanijibu, "Mwinjilisti, wewe omba. Mimi nampeleka."

Alirudi anaongea, mtoto mgongoni. Nilipomwomba msamaha, mfungo ule hakuukumbuka. Mimi naukumbuka.

Ndipo nikaenda kuuliza. Matibabu haya yalianzia Roma mwaka 1938, kwa madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini. Zamani yalifanywa bila dawa ya usingizi, na wengine walivunjika mifupa. Hofu yetu nyingi imetoka huko. Siku hizi inatakiwa mgonjwa alazwe usingizi, apewe dawa ya kulegeza misuli na oksijeni. Umeme ni wa sekunde chache tu. Unaleta kifafa kifupi, kwa kawaida kisichozidi dakika moja au mbili. Mara nyingi hurudiwa mara 6 hadi 12. Husaidia hasa huzuni nzito, na mtu aliyeganda kama yule dada. Madhara yapo: kichwa kuuma na kusahau, na kwa wengine kumbukumbu fulani hazirudi. Kwa hiyo uliza kabla ya kuweka sahihi: Je, kuna dawa ya usingizi? Mgonjwa mwenyewe ameelezwa?

Ndugu yangu, mkumbuke Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akalala tena, ndipo safari ikaendelea. Na Luka, aliyetembea na Paulo, alikuwa tabibu. Maombi na hospitali havigombani. Sisi ndio tunavigombanisha.

Basi ukisikia mtu ametoka Butabika au Mathari, usimwite kichaa, wala usiseme imani yake ni ndogo. Mpe kiti mbele, mpe chai, muulize mtoto anaendeleaje. Na ukiitwa kumwombea anayekataa kula, omba, halafu tafuta gari.

Mungu awabariki. Amina.