Kiti cha Seneti na Bei Yake: Historia ya Uchaguzi wa Maseneta wa Illinois

Katika nchi ya Marekani kila jimbo, liwe kubwa au dogo, hupeleka maseneta wawili Washington, na kila mmoja wao hukalia kiti chake kwa muda wa miaka sita. Tanzania haikupata kuwa na baraza la namna hiyo. Kenya ililianzisha mwaka 1963, ikaliunganisha na Baraza la Wawakilishi miaka michache baadaye, kisha ikalirejesha kwa Katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo neno seneta si geni katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, makusudio ya mazungumzo haya si kueleza kazi za seneta akishaingia barazani. Makusudio ni kuuliza ni nani mwenye haki ya kumchagua, na ni mambo gani hutokea haki hiyo inapokaa mikononi mwa watu wachache. Jimbo la Illinois, lenye mji mkubwa wa Chicago, linafaa kuwa mfano, kwa maana katika muda wa karne mbili limeyaonja matamu ya jambo hilo na machungu yake.

Wazee walioandika Katiba ya Marekani mwaka 1787 hawakumpa raia kura ya kumchagua seneta. Waliamua kwamba maseneta wachaguliwe na bunge la kila jimbo. Walikuwa na hoja zao. Walitaka jimbo lenyewe, likiwa ni serikali kamili, liwe na sauti Washington; tena waliamini kuwa wajumbe wachache waliokaa na kutafakari wangechagua kwa busara kuliko umati wenye jazba. Illinois ilipoingia katika muungano mwaka 1818, bunge lake dogo lilikutana Kaskaskia na kuwachagua Ninian Edwards na Jesse B. Thomas kuwa maseneta wa kwanza. Mkulima wa Illinois hakuulizwa lolote, wala sheria haikutaka aulizwe.

Utaratibu huo haukukosa siku zake za heshima. Mwaka 1855 Abraham Lincoln, wakati huo mwanasheria wa Springfield, aligombea kiti mbele ya wajumbe wa bunge la jimbo. Katika kura ya kwanza alikuwa mbele ya wenzake wote, lakini hakufikia nusu iliyotakiwa. Kura zikarudiwa mara nyingi, naye gavana Joel Matteson, ambaye hapo mwanzo hakuwa miongoni mwa wagombea waliotangazwa, akaanza kupanda. Lincoln akatambua kwamba akizidi kungoja, kiti kitakwenda kwa upande wa Seneta Stephen Douglas, ambaye sheria yake ya mwaka 1854 ilifungua mlango wa utumwa kuenea magharibi. Akawaambia wafuasi wake wampigie Lyman Trumbull, mpinzani wa sheria hiyo, aliyekuwa ameanza na kura 5 tu. Trumbull akashinda katika kura ya 10. Lincoln alikubali kukosa kiti ili shabaha yake isipotee.

Miaka mitatu baadaye Lincoln alimkabili Douglas mwenyewe. Kati ya tarehe 21 Agosti na 15 Oktoba 1858 watu hao wawili walijadiliana hadharani mara saba, katika miji saba ya Illinois, kuanzia Ottawa mpaka Alton. Maelfu ya watu walikuja kwa magari ya farasi, kwa treni na kwa miguu ili kusikiliza hoja juu ya utumwa. Lakini yafaa ieleweke kwamba hakuna hata mmoja katika maelfu hayo aliyekuwa na karatasi ya kura yenye jina la Lincoln au la Douglas. Wananchi walipiga kura kuwachagua wajumbe wa bunge la jimbo, na wajumbe ndio waliokuwa na uamuzi. Jumla ya kura za wananchi iliwaweka watu wa chama cha Republican mbele kidogo. Lakini viti vya bunge viligawanywa kwa hesabu ya zamani ya watu, ambayo haikuzingatia jinsi sehemu za kaskazini zilivyokua. Aidha, baadhi ya wajumbe wa chama cha Democratic walikuwa hawajamaliza muda wao. Mwezi Januari 1859 bunge likamchagua Douglas kwa kura 54 dhidi ya 46. Hivyo mjadala ambao ungepasa kuamuliwa na watu waliousikiliza uliamuliwa na watu 100.

Kadiri miaka ilivyopita, utaratibu ulizidi kuchakaa. Mwaka 1885 vyama viwili vililingana nguvu bungeni, na uchaguzi wa seneta ukakwama kwa miezi kadhaa. Mjumbe mmoja wa Democratic alipofariki, watu wa Republican katika eneo lake walijifanya kama hawana mgombea, wakanyamaza mchana kutwa, kisha jioni wakatokea vituoni na kura za mtu waliyemficha. Wakakinyakua kiti hicho cha bunge, na kwa njia hiyo John A. Logan akarudi katika Seneti. Mwaka 1891 John M. Palmer alichaguliwa katika kura ya 154. Muda wote huo kazi nyingine za jimbo zilizorota, kwani bunge lililochaguliwa kutunga sheria liligeuka kuwa baraza la kuhesabu kura za seneta.

Wahenga wa pwani walisema: penye udhia, penyeza rupia. Udhia wa mwaka 1909 ulipata rupia zake. Mwaka uliotangulia, wanachama wa Republican walikuwa wamepiga kura za maoni na kumtaka Seneta Albert J. Hopkins aendelee. Lakini kura hizo zilikuwa za ushauri tu. Bunge lilianza kupiga kura mwezi Januari, na hata mwezi Mei ulipokuwa ukielekea ukingoni hakuna aliyekuwa ameshinda. Ndipo tarehe 26 Mei, katika kura ya 95, alipochomoza William Lorimer, mwanasiasa mashuhuri wa Chicago, akapata kura 108. Lorimer alikuwa mtu wa Republican, lakini 53 kati ya kura hizo zilitoka kwa wajumbe wa Democratic. Watu wakajiuliza ni mapenzi gani hayo yaliyozaliwa ghafla.

Jibu lilitokea tarehe 30 Aprili 1910. Gazeti la Chicago Tribune lilichapa maungamo ya mjumbe mmoja wa Democratic, Charles A. White. Alieleza kwamba alilipwa dola 1,000 ili ampigie Lorimer kura, na kwamba alipata dola 900 nyingine kutoka mfuko wa siri, ambao wenye kutaka sheria zipitishwe au zizuiwe waliuchangia, kisha wajumbe wakagawana. Lorimer alikana, na hakuacha kukana. Seneti ilichunguza, na mwezi Machi 1911 ikaamua kwa kura 46 dhidi ya 40 kwamba abaki. Lakini ushahidi mpya ulizidi kutokea, uchunguzi ukafanywa upya, na tarehe 13 Julai 1912 Seneti ikatamka kwa kura 55 dhidi ya 28 kwamba uchaguzi wake ulichafuliwa na rushwa na kwa hiyo si halali. Lorimer akatoka barazani.

Hapana shaka kwamba kashfa hiyo iliwapa nguvu wale ambao kwa muda mrefu walidai seneta achaguliwe na wananchi wenyewe. Marekebisho ya 17 ya Katiba, yaliyotoa haki hiyo, yalipitishwa Washington mwaka 1912 na kukamilishwa na majimbo mwezi Aprili 1913. Bunge la Illinois lenyewe liliyaridhia mwezi Februari mwaka huo. Kisha mwezi Machi, kabla mlango haujafungwa, likatumia mamlaka yake mara ya mwisho kuwachagua maseneta wawili, James Hamilton Lewis na Lawrence Y. Sherman. Mwaka 1914 Sherman alirudi kwa wananchi na kuwa seneta wa kwanza wa Illinois kuchaguliwa kwa kura zao. Lakini wananchi hao walikuwa wanaume tu. Wanawake wa Illinois, ingawa mwaka 1913 walipewa kura ya rais na ya viongozi wa miji, walingoja mpaka mwaka 1920 ndipo wakapiga kura ya seneta.

Wengi walidhani kwamba biashara ya viti imekwisha, kwa sababu mtu anaweza kuwanunua wajumbe 100, lakini hawezi kulinunua jimbo zima. Mwaka 1926 ulionyesha kuwa hesabu hiyo haikutimia. Frank L. Smith alikuwa mwenyekiti wa tume ya jimbo iliyosimamia makampuni ya umeme na gesi na kuamua bei zake. Aligombea Seneti huku akiwa katika kazi hiyo, na katika kampeni za kura za maoni alipokea dola 125,000 kutoka kwa Samuel Insull, mwenye makampuni makubwa ya umeme ya Chicago. Mshahara wa seneta siku hizo ulikuwa dola 10,000 kwa mwaka. Yaani, msaada wa mtu mmoja ulizidi mshahara wa vipindi viwili vizima. Msimamizi alikuwa amebebwa na anayesimamiwa.

Hapo lilizuka swali gumu. Habari hizo zilijulikana kabla ya uchaguzi wa Novemba, na wananchi wakamchagua Smith hata hivyo. Je, Seneti ilikuwa na haki ya kumkataa mtu ambaye jimbo lilimtaka? Wapo waliosema kwamba kumkataa ni kumpokonya raia haki aliyoipata juzi tu. Wengine wakajibu kwamba kura iliyopaliliwa kwa fedha za namna hiyo si sauti safi ya raia. Baada ya mabishano marefu, mwezi Januari 1928 Seneti ilimnyima Smith kiti kwa kura 61 dhidi ya 23. Swali lenyewe halikufa, na kila nchi yenye uchaguzi hulikuta mlangoni pake.

Haitakuwa haki kuyataja machungu pekee. Kura ya wananchi imefungua milango ambayo wajumbe wa bunge la jimbo hawakuifungua. Mwaka 1992 Carol Moseley Braun, mwanamke mweusi aliyekuwa msimamizi wa usajili wa hati za ardhi katika wilaya ya Cook, aliwashinda katika kura za maoni za Democratic seneta aliyekuwa madarakani na mwanasheria tajiri, ambao wote wawili walimzidi fedha. Mwezi Novemba akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika Seneti ya Marekani. Mwaka 2004 mgombea mmoja wa kura za maoni za Democratic alitumia zaidi ya dola milioni 28, fedha zake mwenyewe, na hakushinda. Aliyeshinda ni Barack Obama, mtoto wa Mkenya ambaye jamaa zake ni wa Nyang'oma Kogelo, Siaya. Katika uchaguzi wenyewe alipata asilimia 70 ya kura.

Lakini Marekebisho ya 17 yaliacha dirisha moja wazi. Kiti kikiwa wazi kabla ya muda wake kwisha, bunge la jimbo laweza kumruhusu gavana ateue mtu wa kukishikilia kwa muda. Obama alipochaguliwa kuwa rais mwaka 2008, uteuzi huo ulimwangukia gavana Rod Blagojevich. Wapelelezi wakamsikia katika simu akisema kwamba alichokuwa nacho ni dhahabu, na hatakitoa bure. Alikamatwa tarehe 9 Desemba 2008. Hata hivyo alimteua Roland Burris, ambaye hakushitakiwa kwa kosa lolote na aliapishwa mwezi Januari 2009. Mwezi huo huo maseneta wa bunge la jimbo walimwondoa gavana madarakani kwa kura 59 bila ya kupingwa. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilifuta makosa 5 kati ya 18. Mwaka 2020 Rais Donald Trump alimpunguzia adhabu akatoka gerezani, na mwaka 2025 akamsamehe kabisa.

Yaliyotokea baadaye hayakuvuma sana, lakini yana mafunzo. Baadhi ya raia walikwenda mahakamani wakidai kwamba mteule wa gavana hawezi kuushika muda wote uliobaki bila ya wananchi kuulizwa. Mahakama ya rufani ikakubaliana nao. Kwa hiyo tarehe 2 Novemba 2010 mpiga kura wa Illinois alipewa nafasi mbili za kuamua juu ya kiti kimoja: nani akikalie kwa wiki chache zilizosalia, na nani akikalie kwa miaka sita inayofuata. Mark Kirk alishinda zote mbili. Wako waliocheka kwamba ni gharama ya bure kuuliza watu juu ya wiki chache. Lakini jimbo lililoona kiti chake kikitiwa bei mwaka 1909, na tena mwaka 2008, lilikuwa na kila sababu ya kutoiona gharama hiyo kuwa kubwa.

Ndugu wasikilizaji, historia ya Illinois inaonyesha kwamba mnunuzi wa kiti haendi kwa watu wengi akiweza kwenda kwa wachache. Walipokuwa wajumbe, aliwaendea wajumbe. Walipoondolewa, aliingia katika kura za maoni. Na uteuzi ulipobaki kwa mtu mmoja, mtu huyo mwenyewe alifungua duka. Kila sheria iliziba ufa mmoja, na kila mara ulionekana ufa mwingine. Waliouonyesha ni mjumbe aliyeungama, gazeti lililochapa, wachunguzi waliohesabu fedha, na raia waliokwenda mahakamani kudai wiki chache. Mtumishi wa serikali anayetunza daftari kwa uaminifu, na mwalimu anayemfundisha kijana thamani ya kura yake, wamo katika safu hiyo hiyo, hata kama majina yao hayatachapwa. Kiti cha umma hukosa bei pale tu wenye kiti wanapokuwa wengi, wanapojua kuwa ni chao, na wanapokuwa macho.