Dawa za Shinikizo la Damu: Tusiziache Njiani



Tumeombwa kunena juu ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Twamkumbuka mwenzetu aliyepewa vidonge vya shinikizo la damu, akavimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaviacha. Hakupata maumivu yo yote hata asubuhi ile kiharusi kilipomwangusha, mkono ukafa na ulimi ukawa mzito.

Basi na tufahamu: maradhi haya hayabishi hodi. Kipimo kikidumu 140 kwa 90 au zaidi, ubongo, moyo na figo huharibika, na mtu yu katika kula na kucheka. Wala dawa haziung'oi ugonjwa. Huuzuia tu muda zinapomezwa. Amlodipini hutanua mishipa. Hidroklorothiazidi hutoa chumvi na maji kwa mkojo. Enalaprili huzuia mwili usifanye kitu kikazacho mishipa.

Kila moja ina udhia wake. Ya kwanza yaweza kuvimbisha miguu. Ya pili, ikimezwa jioni, humwamsha mtu usiku. Ya tatu yaweza kuleta kikohozi kikavu. Udhia huo usifichwe, wala usiwe sababu ya kuacha. Mwambieni daktari, naye aweza kubadili dawa. Atenololi hasa ikiachwa ghafula yaweza kuudhuru moyo.

Ndugu zetu, kila mwezi twaweka akiba ya uzeeni. Haifai kuusahau mwili utakaoila.